Diski Kuu ya ST-225 Ndani ya Kompyuta ya XT: Kuifunga, Kuiendesha na Kuitunza Tanga

Diski kuu za zamani zinazoendeshwa na mota ya hatua hazifi upesi kama zinavyosingiziwa. Nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba "zimejaa sekta mbovu" (sekta ni kipande kidogo cha njia kinachohifadhi data) zina sahani nzima na vichwa vizima. Kilichopotea ni mlingano: kichwa leo kinasimama pembeni kidogo ya pale kilipoandika siku ya kufomatiwa. Diski hizi hazina njia ya kujisahihisha. Mota inahesabu hatua, na ikifika ya 200 inaamini ipo silinda ya 200 (silinda ni seti ya njia za duara zilizo umbali mmoja kwenye nyuso zote za sahani), basi. Mkono wa vichwa na kopo la alumini vikitanuka kwa joto, silinda hiyo nayo inahama, na ndani ya inchi moja zimebanwa njia zaidi ya 500. Asubuhi ya Julai Tanga joto hukaribia nyuzi 20. Mchana wa Februari hupita 32, na ndani ya kasha, jirani na pawa saplai, huongezeka tena. Diski iliyofomatiwa ovyo itasoma vizuri asubuhi na kugoma alasiri.

Mfano wetu ni Seagate ST-225, diski ya inchi 5.25 yenye nusu kimo, iliyoenea sana kwenye kompyuta za XT za IBM za miaka ya 1980 na nakala zake. Ina silinda 615, vichwa 4, na sekta 17 kwa kila njia zenye baiti 512. Zidisha, upate baiti 21,411,840, yaani ile "megabaiti 20" ya kwenye matangazo. Inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Diski nyingine za aina ya MFM (mtindo wa kuandika data ambao ST-225 inautumia) zinafuata taratibu zilezile, ila namba zake zitofautishe: ST-412 ya XT ya mwanzo ya IBM, ya mwaka 1983, ina silinda 306 na vichwa 4. Ukiona ST-238R, hiyo ni ya mtindo wa RLL, unaobana data zaidi, wenye sekta 26 kwa njia, na inahitaji kadi yake ya kuendeshea diski. Kuifomati ST-225 kwa kadi ya RLL inawezekana, na kwa wiki chache itaonekana kama umepata megabaiti 10 za bure. Usifanye.

Kabla ya kuunganisha umeme

Anza na pawa saplai, diski ikiwa bado mezani. XT nyingi zilizoingia nchini kwa misaada zilitengenezwa kwa soko la volti 120. Kama kuna swichi ndogo nyekundu nyuma, iwe kwenye 230. Kama hakuna swichi na kibandiko kinasema 120 tu, tumia transfoma ya kushusha. Mzunguko wa umeme wetu wa hezi 50 hauna madhara kwa diski, kwa sababu mota yake ni ya umeme mnyoofu wa volti 12.

Pawa saplai hizi hazipendi kuwashwa zikiwa tupu. Weka mzigo: balbu ya indiketa ya gari ya wati 21 kati ya waya wa njano na mweusi itavuta kama ampea 1.75, na resista ya omu 5 ya wati 10 kati ya mwekundu na mweusi itavuta ampea 1. Washa, pima. Mwekundu usomeke kati ya 4.75 na 5.25, wa njano kati ya 11.4 na 12.6. Balbu ikififia na kurudi, au volti 12 zikishuka chini ya 11, kapasita za pawa saplai zimekauka na zibadilishwe kwanza. Mota ya diski inapoanza huvuta zaidi ya ampea 2 kwenye waya wa njano, na pawa saplai chovu ndiyo inayofanya watu wadhani diski imekufa. Ukitaka kuifunga kwenye PC ya awali ya IBM ya 1981, pawa saplai yake ya wati 63.5 haitoshi, ya XT ni wati 130. PC hiyo pia inahitaji BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi yake) ya tarehe 10/27/82 au baadaye, la sivyo haiitambui ROM ya kadi ya diski, yaani chipu yenye programu ya kadi hiyo.

Sasa geukia diski. Weka mita kwenye omu, pima kwenye soketi yake ya umeme kati ya pini ya volti 12 na ya ardhi, kisha volti 5 na ardhi. Ukisoma karibu na sifuri, kuna kapasita ya tantalamu iliyojifunga. Hizi ni vidonge vidogo, mara nyingi vya njano au bluu, karibu na soketi. Zikipewa umeme hulipuka kwa moshi na harufu isiyosahaulika. Toa inayoshukiwa, weka yenye maikrofaradi zilezile lakini ya volti 25 au 35 kwenye laini ya 12, na uangalie alama ya chanya. Tantalamu ikiwekwa kinyume haikupi nafasi ya pili.

Kopo lisifunguliwe kwa sababu yoyote. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Kile kitundu cha kupumulia nacho kisizibwe kwa gundi wala kibandiko: ndani yake kuna chujio, na hewa lazima isawazike joto likipanda.

Kebo na jampa

Kebo ni mbili. Pana ya pini 34 ni ya amri, nyembamba ya pini 20 ni ya data. Mstari wa rangi kwenye kebo unakaa upande wa pini ya 1, ambao kwenye diski ndio wenye ufa kwenye ukingo wa bodi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kebo ya pini 34 ya diski kuu inafanana kabisa na ya disketi, lakini msokoto wake uko mahali pengine. Ya diski kuu imesokotwa waya wa 25 hadi 29. Ya disketi ni wa 10 hadi 16. Hesabu kuanzia upande wa mstari wa rangi. Ukitumia ya disketi, diski itazunguka, lakini kadi haitaiona kamwe.

Ukiwa na kebo yenye msokoto, jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya kuchagua diski iwe nafasi ya pili, hata kama diski ni moja tu. Kwenye bodi inaweza kuandikwa DS2, au DS1 ikiwa hesabu imeanza na sifuri. Diski C inakaa mwisho wa kebo, baada ya msokoto, na ndiyo inayobeba temineta, kile kipande cha resista cha 220/330 kilicho kwenye soketi. Ukifunga diski ya pili katikati ya kebo, itoe temineta yake. Zikibaki mbili, amri zitafika dhaifu na makosa yatatokea bila mpangilio. Kebo za data hazigawanywi: kila diski na yake moja kwa moja hadi kwenye kadi.

Kadi yenyewe, kwa mfano Western Digital WD1002A-WX1, inakaa kwenye sloti yoyote ya XT isipokuwa ya 8, ile iliyo karibu kabisa na pawa saplai, ambayo inataka kadi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kadi inatumia IRQ 5 (laini ya kuita kichakataji), DMA 3 (njia ya kupitisha data moja kwa moja kwenye kumbukumbu), bandari 320h na ROM kwenye anwani C8000. Kama kuna kadi ya sauti au ya mtandao kwenye IRQ 5, ihamishe hiyo, usiguse ya diski.

Futa meno ya kadi na ya diski kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa pia, ila ina maji, hivyo subiri ikauke kabisa. Raba ya shule hutumika sana na inasafisha kweli, lakini inakula dhahabu. Ihifadhi kwa meno yaliyokwishakuwa meusi.

Diski ikae bapa bodi yake ikitazama chini, au isimame kwa ubavu. Isilale kifudifudi, bodi juu. Skrubu ni za kiinchi, 6-32, fupi. Za M3 zinaingia kidogo kisha zinaharibu uzi.

Ikiwa ina data, nakili kwanza

Diski iliyotoka stoo ya shule au ofisi ya shamba la mkonge inaweza kuwa na kumbukumbu zisizopatikana popote. Iwashe kwa kadi ileile iliyokuja nayo. Mpangilio wa njia hutofautiana kati ya kadi na kadi, na diski iliyofomatiwa kwa kadi ya kampuni moja kwa kawaida haisomeki kwa ya nyingine. Anayeuza diski bila kadi yake ameuza nusu ya kitu.

Njia rahisi ya kutoa data ni kebo ya siria na programu ya Kermit. Kutoka soketi ya pini 25 ya XT kwenda ya pini 9 ya kompyuta mpya, unganisha 2 na 2, 3 na 3, 7 na 5. Kwa kasi ya 9600, diski iliyojaa itachukua muda wa zaidi ya saa sita, kwa hiyo anza na mafaili yenye thamani. Diski isiyowaka hadi DOS (mfumo endeshi wa kompyuta hizi) lakini inazunguka inaweza kusomwa kwa kifaa cha kunakili MFM kinachotumia bodi ya BeagleBone, ambacho hunasa ishara ghafi za kila njia na kuzichambua baadaye.

Fomati ya msingi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Amri ya FORMAT ya DOS haiandiki upya alama za sekta. Inaandika jedwali tu juu ya alama zilizopo. Fomati ya msingi ndiyo inayochora njia zote 2,460 upya pale vichwa vinaposimama sasa. Ndiyo maana inafanywa diski ikiwa mahali pake pa kudumu, imekazwa skrubu, kasha limefungwa, na joto limefika pale litakapokaa wakati wa kazi. Iwashe izunguke angalau dakika 30, na Tanga tunasema saa nzima. Usifomati mezani chini ya feni halafu ukaifunge kwenye kasha la moto. Usifomati ikiwa bapa ukaja kuisimamisha kwa ubavu. Mkono wa vichwa huegemea tofauti.

Nakili kwanza orodha ya njia mbovu iliyo kwenye kibandiko juu ya diski: kila mstari una namba ya silinda na kichwa. Orodha hiyo ilipimwa kiwandani kwa vyombo vikali kuliko kadi yako. Njia inayoonekana nzima leo wakati imo kwenye orodha itakusaliti baadaye.

Washa kwa disketi ya DOS 3.3, andika DEBUG, kisha

g=c800:5

Kwa kadi ya WD menyu itauliza diski gani, kisha interlivu. Interlivu ni idadi ya nafasi kutoka sekta moja hadi ile inayofuata kwa namba: 1 maana yake zimepakana. XT ya megahezi 4.77 haiwahi kumaliza sekta moja kabla ya jirani yake kufika chini ya kichwa. Ukiweka 1, sekta ya pili itakuwa imeshapita, na diski itabidi izunguke mzunguko mzima, karibu milisekunde 17, kuisubiri. Kasi itashuka chini ya kilobaiti 31 kwa sekunde. Ukiweka 3, inayofaa kadi nyingi za WD kwenye XT, ukomo ni kama kilobaiti 170. IBM kwenye XT yake ilitumia 6, kwa hiyo kadi ya IBM iache hapo. Ukiwa na shaka kati ya 3 na 4, chagua 4: kukosea kwa kuongeza kunapunguza kasi kidogo, kukosea kwa kupunguza kunaiua.

Ikiuliza kama unaipa kadi vipimo mwenyewe, jibu Y, kisha andika:

615 4 615 300 11 5

Yaani silinda, vichwa, silinda ya kupunguza nguvu ya kuandika (ST-225 haihitaji, ndiyo maana tumeweka namba inayopita ya mwisho), silinda ya kuanza kufidia uandishi, urefu wa kosa linalorekebishika, na baiti ya chaguo. Hiyo 300 usiipuuze. Njia za ndani ni fupi, biti zinabanana na kusukumana, na bila fidia utaona makosa yanarundikana kuanzia nusu ya pili ya diski.

Ruhusu fomati, subiri dakika kadhaa ukisikiliza mota ikipiga hatua kwa mdundo ulio sawa, kisha ingiza njia mbovu moja moja. Baada ya hapo FDISK, sehemu moja ya DOS iliyowekwa hai (ukomo wa DOS 3.3 ni megabaiti 32, kwa hiyo hakuna haja ya kugawa), halafu FORMAT C: /S.

Kuendesha

Diski ikiwashwa hupanda kasi, kisha vichwa hurudi silinda ya sifuri kwa mlio wa kukwaruza mfupi. Kosa 1701 asubuhi ya kwanza mara nyingi ni kompyuta kumaliza ukaguzi kabla diski haijawa tayari. Bonyeza Ctrl-Alt-Del. Likirudi, ndipo uanze kushuku kebo na jampa.

ST-225 haiegeshi vichwa vyake yenyewe. Ukizima, vinatua popote vilipo, juu ya data. Endesha programu ya kuegesha, PARK, kila unapomaliza, ukae bila kugusa amri nyingine, uzime. Ukizima, hesabu nusu dakika kabla ya kuwasha tena.

Umeme kukatika ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu hakukupi muda wa kuegesha. UPS ya VA 650 inabeba XT na skrini yake muda wa kutosha kufunga programu na kuandika PARK. Kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache ukirudi, ni nyongeza ya bei nafuu: pigo la volti wakati wa kurudi ndilo linaloua pawa saplai. Hakitoshi peke yake.

Diski iliyotulia miaka ndiyo inayoganda. Izungushe saa moja kila wiki mbili, uendeshe CHKDSK, amri ya DOS ya kukagua diski, na kusoma mafaili machache ya mwanzo na ya mwisho wa diski.

Unyevu, chumvi na wadudu

Nyumba ya Raskazone inayopokea upepo wa bahari itaota kutu ya kijani kwenye viunganishi mapema kuliko ya Ngamiani ndani. Masika yanapokaribia, chomoa na kuchomeka kebo zote mara moja. Kule kusuguana kunafuta utando. Diski ya akiba iwekwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na punje za silika jeli, zile za kwenye maboksi ya viatu. Zikilowa, zitoe kwenye karatasi yake uzikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi.

Diski iliyotoka chumba cha kiyoyozi isiwashwe mara moja kwenye veranda. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ilingane na joto la nje, hata usiku kucha. Na kabla ya kuwasha kompyuta iliyokaa stoo, fungua kasha uangalie sisimizi na kinyesi cha mijusi ndani ya pawa saplai. Kinapitisha umeme.

Inapogoma

Haizunguki kabisa, na volti 12 zipo: vichwa vimeng'ang'ania sahani. Ichomoe kwenye kasha, iache na kebo ya umeme, ishike bapa kwa mikono miwili, na wakati mwenzako anawasha izungushe kwa mkato robo mzunguko, kama anayefungua mfuniko wa chupa. Isigongwe. Ikianza, isizimwe hadi umenakili kila kitu.

Inalia kama filimbi: mara nyingi si beringi, ni kile kijiti cha chemchemi kinachogusa mhimili wa mota chini ya bodi ili kuondoa umeme tuli. Fungua bodi, bandika tone dogo la silikoni juu ya chemchemi, mbali na ncha inayogusa, ili isitetemeke. Usitie mafuta. Yakizuia mguso, umeme tuli utapita kwenye vichwa. Mlio wa kusaga unaoongezeka kadiri joto linavyopanda, huo ndio wa beringi, na hauna dawa.

Makosa ya kusoma alasiri pekee: fomati imehama. Nakili, kisha rudia fomati ya msingi ikiwa moto, au tumia SpinRite, inayoandika upya njia moja moja huku ikirudisha data. Makosa ya kusoma muda wote kwenye kichwa kimoja tu, kwa silinda zote, ni kichwa chenyewe au waya wake.

Ukifika kwenye beringi au kichwa, weka kadi ya XT-IDE yenye CompactFlash (kadi ndogo ya kumbukumbu inayofanya kazi kama diski) pembeni ya kadi ya zamani. Inatumia bandari 300h, hivyo hazigombani, mradi ROM yake uiweke D0000. ROM ya anwani ya chini husomwa kwanza, kwa hiyo ST-225 inabaki C na CompactFlash inakuwa D. Andaa D kwa FDISK na FORMAT D: /S, kisha XCOPY C:\*.* D:\ /S /E. XCOPY inaruka mafaili yaliyofichwa, kwa hiyo washa kwa disketi ya DOS 5, ukague kwa ATTRIB yake (ya DOS 3.3 haishughuliki na mafaili yaliyofichwa) kama programu zilizokuwa kwenye diski zimeficha chochote cha kwao, uyafichue kwanza na kuyanakili, ndipo uandike PARK na kuchomoa.